Kuunganisha Vifaa vya Elektroniki Ndani ya Boti ya Ziwa Tanganyika: Mwongozo kwa Wenye Boti wa Karema na Ikola

Wenye boti wa mwambao wa Katavi, kuanzia Ikola hadi Karema, wamekuwa wakiuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: baada ya mtu kununua kioo cha GPS, kipima kina na redio ya VHF, vifaa hivyo viunganishwe namna gani ili visomane, na kwa nini mara nyingi huzimika usiku wa manane ilhali dukani viliwaka bila shida? Makala haya yanajibu kwa hatua, kwa kufuata mpangilio ambao kazi yenyewe inapaswa kufanywa. Mpangilio huo huanza kwenye betri na kuishia kwenye kioo, kwa kuwa matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya kifaa au ya mtandao hutokana na umeme hafifu, waya mwembamba au kiungo kilicholegea.

Je, boti inahitaji mtandao?

Mtandao wa vifaa vya boti ni njia moja ya pamoja ya nyaya inayopitisha taarifa kati ya vifaa, kiasi kwamba kioo kimoja kinaweza kuonyesha mahali boti ilipo, kina cha maji, mwendo na hali ya injini, na redio ikapokea mahali boti ilipo bila nahodha kuandika chochote. Hata hivyo si kila boti inauhitaji, na mwenye boti anashauriwa ajipime kabla ya kutoa fedha.

- Mtumbwi au boti ndogo isiyo na betri ya kudumu inatosheka na simu yenye ramani zilizopakuliwa mapema, pamoja na redio ya VHF ya mkononi isiyopenyeza maji. GPS ya simu hupokea mawimbi ya satelaiti hata pale mtandao wa simu unapokatika katikati ya ziwa.
- Boti ya uvuvi yenye kioo kimoja cha GPS na kipima kina kwa pamoja haihitaji mtandao kamili. Inahitaji umeme safi, na waya mmoja wa taarifa kati ya kioo na redio.
- Boti ya abiria au ya mizigo, hasa inayovuka kuelekea Kalemie katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, au yenye vioo viwili na injini inayotoa taarifa zake kwa njia ya kielektroniki, ndiyo inayofaidika na mtandao kamili.

Wengi wanaouliza wamo katika kundi la pili, na wanaposhawishiwa kununua vifaa vya kundi la tatu hubeba gharama na viungo vingi vya kuharibika bila faida inayolingana. Sehemu za umeme, kipima kina na redio zinawahusu wote. Sehemu ya uti wa mgongo wa mtandao inaweza kurukwa na yule ambaye boti yake haina haja nao.

Hesabu ya umeme kabla ya kununua betri

Umeme wa boti hupimwa kwa ampea-saa, yaani ampea ambazo kifaa hutumia zikizidishwa kwa saa ambazo kinawaka. Kwa usiku mmoja wa saa 12 hesabu ya kawaida huwa hivi:

- kioo cha GPS chenye kipima kina, ampea 1: ampea-saa 12;
- redio ya VHF ikisikiliza tu, ampea 0.4: karibu ampea-saa 5;
- redio hiyo hiyo ikirusha sauti kwa nguvu ya wati 25, ampea 5 kwa jumla ya robo saa: ampea-saa 1 na kidogo;
- taa za LED za kuongozea chombo, ampea 0.5: ampea-saa 6.

Jumla ni kama ampea-saa 24. Betri ya asidi ya risasi haipaswi kutumiwa kupita nusu ya uwezo wake, kwa sababu kila inapokaushwa umri wake hupungua kwa kasi, na kwa hiyo betri ya ampea-saa 50 ndicho kiwango cha chini kabisa, huku ya 70 au zaidi ikimpa nahodha akiba ya usiku wenye dharura. Kwa kuwa injini nyingi ndogo zinazowashwa kwa kamba hazina uwezo wa maana wa kuchaji, sola ndiyo tegemeo. Paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za jua kali, baada ya kuondoa hasara ya joto, vumbi na nyaya, hurudisha karibu ampea-saa 27 au 28, kiasi kinachotosha kwa taabu. Katika masika ya Katavi, kuanzia takribani Novemba hadi Aprili, mawingu hupunguza kiasi hicho, na anayevua miezi hiyo anashauriwa kuchukua wati 150. Kati ya paneli na betri lazima kuwe na kidhibiti chaji, kwa sababu paneli inayounganishwa moja kwa moja huichemsha betri na kuiua.

Kosa lililoenea zaidi ni kutumia betri moja kwa taa za kuvulia dagaa na kwa vifaa vya kuongozea boti. Taa za kuvulia huwaka usiku kucha, nazo ndizo zinazoimaliza betri. Alfajiri upepo ukivuma nahodha hubaki bila GPS wala redio saa ile anayovihitaji kuliko wakati wowote. Taa ziwe na betri yao, na vifaa viwe na yao.

Betri ifungwe ndani ya sanduku lenye tundu za hewa, ikazwe kwa mkanda ili isipinduke kwenye mawimbi, na iwekwe mbali kabisa na madumu ya petroli. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, mvuke wa petroli hutambaa chini ya mbao za sakafu, na cheche ndogo ya waya uliolegea inatosha kuviwasha. Onyo hili lisichukuliwe kama la kawaida.

Nyaya, fyuzi na viungo

Mafundi wengi wa Mpanda wana ujuzi mzuri wa umeme wa nyumba na wa sola za majumbani, lakini boti hutikisika na kulowa, na baadhi ya mazoea ya nyumbani hayafai humo. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene wa shaba hukatika kwa mtikisiko baada ya miezi michache, na mara nyingi hukatikia ndani ya gamba lake pasipoonekana. Waya wa boti uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, na ukipatikana uliopakwa bati, huo ndio bora, kwa sababu bati huizuia shaba isigeuke kijani.

Anayenunua waya akwangue ncha yake kwa kisu. Ukiwa mweupe juu na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, ni aluminiamu iliyorashiwa shaba, nao huo uachwe dukani.

Unene wa waya hutegemea urefu wa safari ya umeme, kwenda na kurudi. Chukua redio inayotumia ampea 6 ikirusha, ikiwa mita 8 kutoka kwenye betri, yaani mita 16 za waya:

- waya wa milimita za mraba 1.5 hupoteza volti 1.1;
- wa 2.5 hupoteza karibu volti 0.7;
- wa 4 hupoteza volti 0.4;
- wa 6 hupoteza chini ya volti 0.3.

Kwa mfumo wa volti 12, upotevu unaokubalika kwa redio na vifaa vya kuongozea ni asilimia 3, yaani volti 0.36, na hapa ndipo siri ya redio zinazosikia vizuri lakini hujizima kila kitufe cha kuzungumzia kinapobonyezwa. Wakati wa kusikiliza umeme unaopita ni mdogo na upotevu hauonekani. Wakati wa kurusha volti huanguka, hasa betri ikiwa tayari imechoka, na redio hujizima. Wapo waliobadilisha redio mbili kabla ya kubadilisha waya mmoja.

Fyuzi kuu iwekwe kwenye waya wa chanya, si zaidi ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, kisha kila kifaa kipewe fyuzi yake ndogo katika sanduku la fyuzi. Fyuzi hulinda waya usiwake moto, na kwa sababu hiyo huchaguliwa kwa unene wa waya na kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha kifaa. Anayeziba nafasi ya fyuzi iliyoungua kwa uzi wa waya au karatasi ya sigara ameondoa kinga pekee iliyo kati ya hitilafu na boti ya mbao iliyobeba petroli.

Viungo vibanwe kwa koleo maalumu la kubana vichwa vya nyaya, kisha vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota nyaya mbili na kuzungushia tepu nyeusi ya fundi umeme kunafaa kwa siku moja ya dharura tu, kwa kuwa gundi ya tepu hiyo huyeyuka kwa jua na kuacha maji yapenye. Silikoni nayo ichaguliwe kwa pua: ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inayokula shaba, na haifai karibu na kiungo chochote cha umeme.

Uti wa mgongo wa mtandao

Kanuni inayotumiwa na watengenezaji karibu wote kwa sasa huitwa NMEA 2000, na kabla yake ilikuwapo NMEA 0183 ambayo bado imo katika redio na vioo vingi vinavyouzwa vikiwa vimetumika. Ya zamani huunganisha kifaa kimoja kinachosema na kingine kinachosikiliza kwa jozi ya nyaya, na kwa kawaida huenda kwa kasi ya biti 4800 kwa sekunde, isipokuwa vifaa vya AIS, yaani vya kutambuana kwa vyombo, vinavyotumia 38400. Kasi ikitofautiana kati ya kifaa na kifaa, hakuna kinachosomeka hata nyaya zikiwa sahihi. Kwa kuunganisha GPS na redio pekee, njia hii ya zamani inatosha kabisa.

NMEA 2000 hujengwa kwa namna nyingine. Kuna waya mmoja mkuu, yaani uti wa mgongo, unaopita boti kwa urefu, na kila kifaa hujiunga nao kupitia kiungo cha umbo la T na tawi lake fupi. Hatua zake ni hizi:

1. Uti wa mgongo uwe mstari mmoja wenye mwanzo na mwisho. Usifungwe kuwa duara, wala usigawanywe kuwa nyota.
2. Kila ncha ya mstari ifungwe kikinza cha omu 120, yaani kifaa kidogo kinachozuia mawimbi ya taarifa yasigonge mwisho na kurudi. Vikinza ni viwili, si kimoja wala vitatu.
3. Kila tawi lisizidi mita 6. Uti wa mgongo wa waya mwembamba wa kawaida unaruhusiwa kufika mita 100, urefu ambao boti za mbao za mwambao huu haziufikii.
4. Umeme wa mtandao uingie mahali pamoja tu, kupitia kiungo chake cha T chenye fyuzi na swichi. Nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Nyeupe na bluu hubeba taarifa na hazipewi umeme kamwe.
5. Waya wa kinga usio na gamba uunganishwe kwenye hasi hapo hapo umeme unapoingilia, na si mahali pengine popote.
6. Vioo vikubwa vipewe umeme wao kutoka kwenye sanduku la fyuzi, kwa kuwa vingi havikuundwa kulishwa na mtandao.

Kipimo cha kujua kama kazi ni sahihi ni rahisi, na inasikitisha kwamba mara nyingi hakifanywi. Umeme wa mtandao ukiwa umezimwa, mita ya umeme iwekwe kwenye kipimo cha omu kati ya nyeupe na bluu. Ikisoma karibu 60, vikinza viwili vipo na uti wa mgongo haujakatika. Ikisoma 120, kikinza kimoja hakipo au waya umekatika katikati, na ikisoma 40, mtu ameongeza cha tatu. Fundi ambaye hajafanya kipimo hiki hajamaliza kazi, hata kama kioo kinawaka.

Wapo wanaohofu kwamba vifaa vya watengenezaji tofauti havitasomana. Hofu hiyo ina msingi mdogo: baadhi ya watengenezaji wameubadilisha mtandao huu jina na umbo la plagi, lakini lugha ya ndani ni ile ile, na plagi ya kuunganishia hupatikana. Ni vyema kuinunua pamoja na kifaa huko Dar es Salaam, kuliko kuifuata baadaye boti ikiwa imekwisha kufika Karema, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda.

Kipima kina katika ziwa hili

Kipima kina hutuma mawimbi ya sauti majini kupitia kitambuzi kilichofungwa chini ya boti na kupima muda wa mwangwi kurudi. Ziwa Tanganyika lina kina cha wastani cha mita 570 na pahali penye kina kikubwa zaidi hufikia mita 1,470. Kwa hiyo kitambuzi cha kawaida cha kilohezi 200, ambacho huishia kwenye mita mia moja na ushei hadi mia mbili, hupoteza chini ya ziwa mara boti inapoacha mwambao. Mvuvi anapoona tarakimu zinamweta au zinaruka huenda akadhani kifaa kimeharibika na kukirudisha kwa fundi, kumbe kiko sawa.

Kwa uvuvi hali hiyo haina madhara. Maji ya chini ya ziwa hili hayana oksijeni, na dagaa na migebuka huishi katika tabaka la juu, ndani ya mita mia na kitu za mwanzo. Kipimo cha kioo kiwekwe kwa mkono kwenye mita 100 au 150 badala ya kuachwa kijitafutie chini, na makundi ya samaki yataonekana kwa ukubwa unaosomeka. Kununua kitambuzi cha gharama kubwa cha kilohezi 50 ili kuona sakafu ya ziwa ni matumizi yasiyomletea mvuvi samaki hata mmoja.

Kuhusu kukifunga, mambo manne yazingatiwe:

- Mbao huzuia sauti. Ule ufundi wa kukibandika kitambuzi ndani ya boti hufaa kwa boti za faiba zisizo na tabaka la povu, na katika boti ya mbao kitambuzi lazima kiguse maji.
- Kifungwe kwenye tezi, kando ya injini na kwa umbali wa sentimita 40 hivi kutoka kwenye panga, kikae mahali maji yanapopita bila mapovu. Kikifungwa nyuma ya ukingo wa ubao uliojitokeza, kitasoma mapovu tu boti ikikimbia.
- Tundu za skrubu zijazwe kizibo kisichopenya maji kabla skrubu haijaingia.
- Waya wa kitambuzi usikatwe wala kufupishwa. Unaobaki uzungushwe kwa nafasi pana na ufungwe mbali na nyaya za injini.

Redio, antena na anayesikiliza

Mawimbi ya VHF huenda kama jicho linavyoona, na kimo cha antena juu ya maji kina uzito kuliko wati za redio. Boti mbili zenye antena zilizo mita 2 juu ya maji husikizana kwa takribani kilomita 11. Boti yenye antena ya mita 3 na kituo cha nchi kavu chenye mlingoti wa mita 30 hufikia kama kilomita 30. Kwa kuwa ziwa lina upana wa wastani wa kilomita 50, nahodha aliye katikati asitegemee kusikika nchi kavu kutoka kwa antena iliyofungwa kwenye ukingo wa boti. Antena ipandishwe juu ya paa au mlingoti, na kitufe cha kuzungumzia kisibonyezwe kamwe antena ikiwa haijaunganishwa, kwani nguvu isiyo na pa kutokea huunguza redio.

Chaneli 16 ndiyo ya dharura na ya kuitana duniani kote. Redio nyingi za sasa zina pia kitufe chekundu cha dharura kinachotuma mahali boti ilipo, lakini kitufe hicho hakina maana mpaka mambo mawili yatimie: redio iwe imeunganishwa na GPS, na iwe imeingizwa namba ya utambulisho ya tarakimu 9, ambayo kwa Tanzania huanza kwa 674 au 677. Namba isibuniwe, kwani redio nyingi huikubali mara moja tu na haifutiki bila redio kurudishwa kwa mtengenezaji. Kibali cha redio kifuatwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na masuala ya usajili na ukaguzi wa chombo yapo kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Kabla ya kuitegemea redio, mwenye boti aulize bandarini Karema ni chaneli ipi inasikilizwa na kwa saa zipi, kisha akubaliane na boti jirani juu ya chaneli ya kusikilizana usiku. Katika mwambao huu boti ya jirani ndiyo itakayofika kwanza.

Taa za dagaa na kelele za umeme

Tangu karabai ziachie nafasi taa za LED, wavuvi wamepata tatizo jipya: redio hukoroma na kioo cha kipima kina hujaa vidoa mara taa zinapowashwa. Taa nyingi za bei nafuu zina saketi ya kubadili volti inayotoa mawimbi yasiyotakiwa. Jaribio ni dogo: redio iwashwe na kidhibiti mkoromo kifunguliwe mpaka usikike, kisha taa ziwashwe moja baada ya nyingine. Ile inayoongeza kelele ihamishwe mbali na antena au ibadilishwe, na nyaya zake zisokotwe pamoja, chanya na hasi, ili mawimbi yake yauane. Dira nayo ijaribiwe vivyo hivyo, kwa kuwa spika au waya wenye umeme mwingi karibu nayo huipotosha.

Kabla ya kushusha boti majini

Kazi hii ifanywe boti ikiwa nchi kavu na bila haraka. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na kipindi cha mapumziko kama hicho, ambacho pia huangukia msimu wa pepo za kusi, ndicho kinachofaa. Siku ya mwisho yafanyike haya:

- Betri iliyopumzika ipimwe: volti 12.7 ni imejaa, 12.2 imefika karibu nusu.
- Volti ipimwe kwenye redio yenyewe ikiwa inarusha, si kwenye betri.
- Injini iwashwe vifaa vyote vikiwa vinawaka. Kioo kikijizima na kujiwasha, kitengewe betri yake.
- Kila waya uvutwe kwa mkono. Unaochomoka ungechomoka ziwani.
- Mchoro wa nyaya, wenye rangi na fyuzi, uwekwe ndani ya mfuko wa nailoni na ubaki botini, ili fundi mwingine asianze kwa kubahatisha.

Kwa yule asiyeweza kugharimia yote kwa mara moja, mpangilio wa kununua uwe huu: maboya ya kuokolea ya kila aliyemo, taa za kuongozea, redio, GPS, kipima kina, na mwisho kabisa mtandao. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) usikilizwe kila siku kabla ya kung'oa nanga, na pale unapoonya juu ya upepo mkali boti ibaki ufukweni, hata kama kioo chake ni kipya na kipimo cha omu kimesoma 60.